Ngazi Kidogo Tu

Bwana Gantillon, mwenye nyumba ya wageni, alimchorea ramani kwenye karatasi iliyofungiwa mkate. Alipiga mistari mitatu ya kulala, mmoja juu ya mwingine kama rafu za kabati, akasema hiyo ndiyo mitaa mitatu ya kilimani. Kisha akaikata yote kwa mshale mmoja kutoka chini hadi juu.

"Usizunguke na barabara, hiyo ni njia ya wageni," alisema. "Utapita ndani ya nyumba za watu. Mlango wa kahawia, bonyeza kitufe cha chini kabisa, ingia, ua, ngazi kidogo, unatokea mtaa wa pili. Mlango wa kijani, ua, ngazi kidogo, umefika. Dakika kumi, Bibi, tena ukitembea kwa maringo."

"Nina kigari cha mtoto," Rozenn alisema.

Bwana Gantillon akamtazama Azilis, aliyekuwa na miezi tisa na jino moja, akamkonyeza. "Miaka mia mbili humo humo walipitisha majora ya hariri, mvua isiyaguse. Mtoto mmoja ndiyo nini?"

Rozenn akaikunja ramani akaitia mfukoni, pamoja na barua. Barua ile alikuwa ameisoma mara nyingi hata mikunjo yake ilianza kuchanika. Ilikuwa fupi kama risiti. Ilisema: Njoo Jumamosi, kabla ya saa sita mchana. Saa sita nasimamisha mtambo. Nachukua mwanafunzi mmoja tu. Chini kulikuwa na jina, Bi Perrachon, mfumaji wa hariri, na anwani ya mtaa wa pili, mlango wa kijani, ghorofa ya tano.

Alikuwa ametoka Douarnenez, magharibi kabisa, ambako nchi inakwisha na kuanza maji, akakaa kwenye treni kutwa nzima mtoto akiwa mapajani. Huko kwao alikuwa akipanga dagaa kwenye makopo mchana, na jioni akienda darasa la ufumaji katika ukumbi wa mtaa, pale walipokuwa na mitambo minne ya mbao na mwalimu mmoja mwenye kikohozi. Miaka miwili hakukosa jioni hata moja. Akiwa na mimba ya Azilis alifuma mpaka wiki ya kujifungua, tumbo likigusa mti wa mbele, mwalimu akimtania kwamba atazaa kitambaa. Lakini pale walifuma kitani tu. Hariri aliiona kwenye picha.

Goulven, baba wa mtoto, alikuwa mwoka mikate. Siku barua ilipofika aliisoma mkono mmoja ukiwa na unga, akasema, "Nenda. Ukikosa, utakuwa umeuona mji wa Lyon."

"Na nikipata?"

"Mikate inaliwa kila mahali," Goulven alijibu, akarudi kwenye kinu chake cha kukandia kama mtu aliyesema jambo la kawaida.

Basi saa nne na nusu asubuhi Rozenn aliteremka kwenye treni ya chini ya ardhi, akaibuka juu na kigari chake uwanjani mbele ya jengo la manispaa. Jua la mwezi wa tano lilikuwa limeshika kuta za rangi ya parachichi lililoiva ndani, na za waridi, na za ukoko wa mkate. Mbele ya duka la keki mwanamke mmoja alikuwa amesimama akila kipande cha keki ya njugu nyekundu, amefumba macho, mfuko wa vitunguu umemning'inia mkononi, watu wakimzunguka bila kumsumbua. Rozenn alitamani kusimama naye. Alitamani kusimama kila mahali. Lakini kilima kilikuwa mbele yake, kimejaa nyumba ndefu zenye madirisha marefu, zimebanana kama watu wanaopiga picha ya harusi, na saa ilikuwa ikienda.

Mlango wa kahawia aliuona. Akabonyeza kitufe cha chini kabisa, mlango ukaguna, ukamwachia.

Ndani kulikuwa na giza na ubaridi, na harufu ya jiwe, ya nguo zilizofuliwa, ya vitunguu vinavyoiva kwenye siagi. Uchochoro ulikuwa mwembamba, magurudumu yakagongagonga. Kisha ukafunguka, na Rozenn akajikuta kwenye ua mdogo wenye vibaraza vya duara vilivyopandana ghorofa juu ya ghorofa, na nuru ikishuka katikati yake kama maji yanayomiminwa kutoka juu. Hakuna aliyeuweka ua ule uonekane. Ulikuwa umefichwa tu nyuma ya mlango, kama mtu anavyoweka vyombo vyake vizuri kabatini. Mtu alikuwa ameanika soksi za mtoto kwenye ukingo wa karne ya kumi na sita, na zilipendeza pale.

Halafu akaziona ngazi kidogo za Bwana Gantillon.

Zilikuwa hamsini na nne. Alizihesabu kwa sababu alizipanda kinyumenyume, akivuta kigari, gurudumu kwa gurudumu, na kila daraja lilikuwa limelika katikati kwa nyayo za watu waliopita, hata gurudumu likawa linateleza kuelekea kwenye shimo lile lile walilolikanyaga wabeba majora. Alijikaza. Alipotokea mtaa wa pili, jasho likimtiririka mgongoni, aligeuka kupumua, akaona paa za mji zote chini yake, na mito miwili ya mji, na kanisa jeupe juu ya kilima cha ng'ambo. Kwa nukta moja akasahau mikono inavyomuuma.

Ilikuwa saa tano na dakika tano. Akasukuma mlango wa kijani.

Ua wa pili ulikuwa mkubwa, na ngazi zake hazikujificha. Zilisimama wazi ukutani, za mawe, zikienda kulia, zikirudi kushoto, ghorofa baada ya ghorofa mpaka shingo ikachoka kuzifuata. Chini, ukutani, kulikuwa na kibao kidogo: Watu wanaishi humu. Piteni kimya.

Hapo ndipo Azilis alipoamua kuamka. Jino la pili lilikuwa njiani, na yeye hakuwa na habari na kibao. Akalia. Sauti ikapanda, ikagonga ukuta, ikarudi na wenzake.

Dirisha la ghorofa ya kwanza likafunguliwa. Mzee mwembamba, ndevu zimechongwa vizuri, akachungulia.

"Bibi, ua huu una kuta nne," alisema kwa sauti ya chini, "na kila ukuta unakirudisha kilio chake. Kwa hiyo sasa hivi nina watoto watano."

"Habari za asubuhi, Bwana," Rozenn alijibu. Ndivyo alivyolelewa. Hata nyumba ikiungua, unasalimu kwanza. "Naomba radhi. Anaota jino."

Mzee uso ukambadilika, aibu ikaonekana, kwa sababu yeye hakuwa amesalimu. "Habari za asubuhi, Bibi," akasema. "Tuanze upya. Naitwa Marius. Unamtafuta nani?"

"Bi Perrachon, mfumaji."

Dirisha la pili likafunguka, mkabala na lile la kwanza, kana kwamba lilikuwa likingoja jina hilo. Akatokea mama mnene mwenye aproni ya bluu. "Kwa Perrachon? Na kigari? Nani amekuleta kwa njia hii, mwanangu?"

"Bwana Gantillon wa nyumba ya wageni. Alisema ni ngazi kidogo."

"Gantillon," alisema mama yule, ambaye jina lake lilikuwa Bi Léonie, kama mtu anayetaja ugonjwa anaoufahamu. "Gantillon hajakanyaga ngazi tangu magoti yamkatae. Yeye hupanda treni mpaka juu kilimani, kisha anakaa kwenye benchi na kueleza watu njia za kupita ndani ya nyumba. Sikiliza. Rudi chini, panda treni hiyo hiyo, shukia kituo cha juu kilimani. Perrachon ana mlango wa juu. Ghorofa ya tano ya huku ndiyo ghorofa ya chini ya kule. Unaingia kutoka mtaani, hatua ishirini, tambarare, hata ngazi ya dawa hakuna."

Rozenn akaitoa barua. "Mbona hapa ameandika mlango wa kijani?"

"Kwa sababu sanduku lake la barua liko huku. Babu yake alilipigilia hapo. Amwandikie nini mgeni, kama si mahali barua zinapofika?"

"Treni ni robo saa na kungoja juu yake," Marius akaingilia. "Na kuteremka kwanza hatujahesabu. Mimi namtoa kwa dakika tano. Tunapita uchochoro wa nyuma, wa mlango wa bluu. Ni mwinuko wa taratibu tu, hauna ngazi, unaibukia juu."

"Mlango wa bluu umefungwa."

"Nani kasema?"

"Mimi ndiye nasema."

"Nimepita mlango ule tangu sijaota meno, Léonie."

"Na sasa yameng'oka, na bado hujarudi kuutazama."

Marius akafunga dirisha. Baada ya muda alitokea uani amevaa kofia nzuri, tai, na ndara za nyumbani. Bi Léonie naye akaja nyuma yake na bakuli lililofunikwa kitambaa, akisema yeye anakwenda kwa Perrachon kula chakula cha mchana kama kila Jumamosi, na kwa hiyo yeye hawafuati wao, wao ndio wanaofuata njia yake. Rozenn akawatazama wawili wale. Akili ilimwambia arudi kwenye treni. Lakini mzee alikuwa ameshaushika mkono wa kigari kwa adabu kubwa, kama anayempeleka bibi harusi, na miguu ya Rozenn ilizikumbuka ngazi hamsini na nne. Akafuata.

Uchochoro wa nyuma ulikuwa mzuri kuliko yote. Ulipinda, dari yake ikainama, ukapita chini ya jikoni za watu, na kila hatua chache kulikuwa na tundu la kuingiza nuru. Marius alikuwa akiugusa ukuta huku anatembea. Hapa, alisema kwa kunong'ona, mama yake alijificha mvua akiwa na jora la nguo ya askofu. Hapa wafumaji walipita na mabango siku waliyogoma. Hapa yeye mwenyewe alibusiwa na msichana mmoja ambaye hatamtaja.

"Alikuwa dada yangu," Bi Léonie akamwambia Rozenn. "Na alimfananisha, akadhani ni kijana mwingine, Antoine."

Azilis hakuvutiwa na habari hizo, aliendelea kulia, akipumzika tu kuvuta pumzi. Rozenn alikuwa akimwimbia kimoyomoyo na kuhesabu dakika. Kisha wakapiga kona ya mwisho, na mbele yao ukawa mlango wa bluu.

Ulikuwa umepakwa rangi mpya. Kando yake, penye kitasa cha zamani, kulikuwa na kisanduku cha namba.

Marius alisimama mbele yake kama mtu aliyekwenda kwa ndugu yake akaambiwa hatambuliwi. Akabonyeza mwaka wake wa kuzaliwa. Akabonyeza mwaka wa mgomo. Akabonyeza namba ya nyumba, mbele kisha nyuma. Kisanduku kikawaka taa nyekundu kila mara, bila haraka.

Bi Léonie alikuwa na haki ya kusema neno. Badala yake alimshika kiwiko.

"Tangu lini?" Marius akauliza.

"Mwaka wa tatu sasa," alijibu kwa upole. "Watu walikuwa wakipita saa zote wanapiga kelele."

Rozenn akatazama saa. Saa tano na dakika thelathini na nane. Alishika mkono wa kigari kwa nguvu, na alipofungua mdomo, sauti ilitoka nyembamba. "Bwana, mimi sikuja kutembea. Bi Perrachon anachukua mwanafunzi mmoja. Ameniambia nifike kabla ya saa sita. Nimetoka Douarnenez."

Marius akaondoa kidole kwenye kisanduku.

"Ungesema," Marius akanong'ona.

"Hukuniuliza."

Mzee akavua kofia, akaitia ndani ya kigari miguuni pa mtoto. "Turudi kwenye ngazi," alisema. "Nilikuwa nakuonyesha uchochoro wangu, na wewe ulikuwa na safari yako. Shika nyuma, mimi mbele. Léonie, tangulia, gonga milango."

Walirudi karibu mbio. Chini ya zile ngazi kubwa Marius alishika magurudumu ya mbele, Rozenn akashika mkono wa nyuma, wakaanza kupanda. Bi Léonie alikuwa mbele na bakuli lake, na katika kila ghorofa aligonga mlango mmoja kwa kifundo cha kidole, mara mbili, akasema neno moja tu: "Mzigo."

Rozenn hakuelewa mpaka walipofika ghorofa ya pili, Marius akihema na midomo imekuwa ya kijivu. Mlango ukafunguka, akatoka mwanamume mwenye povu la kunyolea kwenye shavu moja. Hakuuliza ni nini wala kwa nani. Aliyapokea magurudumu ya mbele kutoka mikononi mwa Marius, akambebea mpaka ghorofa ya tatu, na pale akaweka chini, akainamisha kichwa, akarudi kwenye shavu lake la pili. Ghorofa ya tatu walikuwa wameshasimama mlangoni mama na binti yake, mikono ya nguo imekunjwa. Wakapokea. Hawakupanda zaidi ya ghorofa ya nne. Ndivyo nyumba ile ilivyokuwa ikipandisha vitu tangu zamani, makaa ya mawe, piano, majeneza, majora: kila ghorofa inabeba mpaka ngazi yake, kisha inawaachia wa juu. Na yote kwa kunong'ona, kwa sababu kibao kilikuwa pale chini, na kilikuwa chao.

Tangu jana Rozenn alikuwa mgeni katika mji huu, akiomba njia kwa kila mtu, na sasa mji wenyewe ulikuwa umemshika kigari.

Ilikuwa katikati ya ghorofa ya nne na ya tano waliposikia. Kwanza kishindo chepesi, kisha mburuzo, kisha mti ukigonga mti. Tan, tan, klak. Tan, tan, klak.

Azilis akaacha kulia.

Hakuacha polepole kama watoto wanavyochoka. Alinyamaza kama mtu aliyeitwa jina. Akageuza kichwa kuelekea juu, machozi bado yananing'inia kwenye kope, akasikiliza. Kabla hawajamaliza ngazi, macho yalikuwa yamemlegea, na alipofikishwa mlangoni alikuwa amelala, kofia ya Marius imemfunika magoti.

Mlango wa Bi Perrachon ulikuwa wazi. Chumba kilikuwa kirefu kwenda juu kuliko upana wake, kwa sababu kilijengwa kwa kipimo cha mtambo na si cha watu, na mtambo wenyewe uliusimamia mlango kama meli iliyoingizwa sebuleni. Nyuma yake alikaa mwanamke mkavu, mrefu, miwani imefungwa kwa uzi wa hariri. Hakugeuka. Chini ya mikono yake kilikuwa kikitoka kitambaa cha kijani chenye majani ya dhahabu, na Rozenn alipokiona aliona aibu kukitazama moja kwa moja, kama anayechungulia barua ya mtu.

"Saa ngapi?" akauliza Bi Perrachon.

"Habari za asubuhi, Bi. Saa sita kasoro dakika tano."

"Habari za asubuhi. Basi umefika. Alikuja mwingine saa tatu, kijana wa Paris. Mikono safi, vyeti kumi na kimoja. Wewe una vingapi?"

"Kimoja. Cha darasa la jioni."

Bi Perrachon akaendelea kufuma. Tan, tan, klak. Bi Léonie aliweka bakuli mezani, Marius akaketi kwenye stuli karibu na mlango akijipepea kwa mkono. Zilibaki dakika chache, na Rozenn alikuwa akitafuta maneno aliyoyapanga tangu Douarnenez, asiyaone.

Kengele za kanisa zikapiga saa sita. Bi Perrachon akaondoa mguu kwenye pedali. Mtambo ukasimama.

Azilis akafumbua macho, akapiga yowe la mwenye kuibiwa.

Rozenn alimnyanyua, akambembeleza, akampa kidole, akampa ziwa, akatembea naye mpaka dirishani kumwonyesha mto. Alikataa kila kitu. Wazee watatu wakamtazama.

"Ana nini huyu?" Bi Perrachon akauliza kwa kukunja uso.

"Ameuzoea mtambo, Bi. Nilifuma nikiwa naye tumboni, kila jioni, mpaka mwisho. Naomba radhi, nitatoka naye nje mle kwa amani."

"Katika nyumba hii mtambo hauendi baada ya saa sita. Baba yangu hakufanya hivyo, bibi yangu hakufanya hivyo. Mezani hakuna kazi, na kazi haizungumzwi."

"Viazi vyako vinapoa, Perrachon," Marius alisema.

"Navijua viazi vyangu."

Mtoto akazidisha. Bi Perrachon aliitazama saa ya ukutani, akautazama mtambo wake mkubwa, akamtazama yule mtoto mwenye jino moja. Halafu akanyoosha kidole kwenye kona, palipokuwa na mtambo mdogo wa mbao nyeupe, wenye mtande, yaani nyuzi za urefu, za hariri ya kawaida, isiyo na ua wala jani.

"Ule baba hakuutaja," alisema. "Niliununua mwenyewe. Kaa pale umlaze mwanao. Mimi nala."

Rozenn akamrudisha Azilis kigarini, akaketi, akaweka mguu. Hariri ilikuwa nyepesi kuliko alivyowahi kufikiri, haikupinga mkono kama kitani, ilikuwa kama kushika maji yaliyokubali kushikwa. Tan, tan, klak. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilitosha. Azilis akashusha pumzi ndefu, akasinzia.

Nyuma yake walikula viazi, soseji, saladi. Walizungumza habari za mvua, za bei ya asparaga sokoni, na za mlango wa bluu, Marius akisema atakwenda kuomba namba zake kama raia mwema. Hakuna aliyetaja kufuma. Rozenn alifuma mistari sita, akatazama ukingo wa kushoto, akaona amevuta uzi. Hakuzoea wepesi ule. Ukingo ulikuwa umeingia ndani kidogo, upana wa kucha, jambo ambalo mwenye haraka angelipita. Akaishusha pumzi, akafungua mistari yote sita, mmoja mmoja, huku mguu wake ukiendelea kupiga pedali tupu ili mtoto asizinduke. Kisha akaanza upya.

Bi Léonie alikuja na kipande cha mkate kilichopakwa jibini laini ya majani na vitunguu aliyoileta kwenye bakuli, akamlisha mdomoni kati ya mstari na mstari, kama anavyolishwa mtu mwenye mikono ya unga. "Hii huku kwetu tunaiita ubongo wa mfumaji," akamnong'oneza. "Usiniulize kwa nini. Meza."

"Léonie. Mezani," alisema Bi Perrachon.

"Nimetaja jibini tu, jamani."

Walipomaliza kula, Bi Perrachon alipangusa mikono, akaja akasimama kando ya mtambo mdogo. Akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa kitambaa, kutoka chini kwenda juu, taratibu, macho yamefumbwa.

"Ulifungua," alisema.

"Ndiyo, Bi. Ulikuwa umevutika."

"Nilikuona. Yule wa saa tatu naye alivuta. Akaendelea, kisha akanipa cheti." Akakitoa kidole kwenye kitambaa. "Ninyi mmefikaje hapa na hicho kigari?"

"Kwa ngazi," Marius akajibu. "Ghorofa zote zimebeba. Mimi nilimpoteza kwanza."

"Ghorofa zote? Hata yule wa ghorofa ya pili?"

"Hata yeye."

Bi Perrachon akaguna. Akaenda nyuma ya mlango, si ule wa ngazi, ule mwingine wa upande wa pili, akachagua ufunguo mmoja kwenye misumari, mrefu, wa chuma cheusi. Akauweka juu ya mtambo mdogo, karibu na mkono wa Rozenn.

"Wa mlango wa juu," alisema. "Jumatatu saa mbili. Mwezi wa kwanza utafuma nyeupe tu, hutagusa rangi. Mtoto atakaa pale ulipo mwanga. Na barua zako zitaandikiwa mlango wa kijani kama zangu, usiwachanganye akili watu wa posta."

Rozenn alitaka kushukuru kwa maneno mazuri, akaishia kutikisa kichwa mara nyingi. Bi Léonie alikuwa ameshaanza kulia kwa niaba yake, kwenye aproni. Marius aliichukua kofia yake kutoka miguuni pa mtoto, akaivaa, akaivua tena.

Walimsindikiza mlango wa pili. Hatua zilikuwa ishirini kweli, tambarare, na mwisho wake mtaa wa juu ulikuwa umejaa jua, miti mikubwa, na wauza maua wa soko wakikunja meza zao. Mlango wa kuingilia kwenye treni ulionekana pale pale, ng'ambo ya barabara.

"Usipande hiyo," Marius alisema kwa huruma. "Shuka nami kwa ndani. Ni ngazi kidogo tu, tena za kuteremka."

"Marius," alisema Bi Léonie.

Rozenn akacheka mpaka kigari kikatikisika, akamwahidi kwamba Jumatatu, bila kigari, atateremka naye ngazi zote anazozijua na hata asizozijua. Kisha akavuka barabara. Kwenye benchi chini ya miti alitoa simu, akampigia Goulven, ambaye saa hizo hutoka kuoka na kulala kidogo. Akaipokea kwa sauti yenye usingizi.

"Umeuona mji?" aliuliza.

"Nimeuona. Kwa ndani."

Goulven alikuwa akimjua mkewe. Akasikia namna anavyopumua, na bila shaka akakaa kitako kitandani.

"Huko wanakula mikate?" akauliza.

Rozenn aliutazama ufunguo mkononi, akamtazama mama mmoja akipita na mikate mitatu mirefu kwapani, ncha ya mmoja imeshamegwa.

"Wanakula," alisema.